Funde

Pipa alilitoa nyuma ya kiwanda cha ramu,
baba yangu Hopeton, ambaye ramu hakuionja,
akalisugua kwa mchanga siku tatu
hadi harufu ya ulevi ikasalimu amri.
Ngozi ilikuwa ya beberu wa Bi Icilda,
yule aliyetafuna kitambaa cha madhabahu
akahukumiwa na kanisa zima.
"Sasa atasali," baba akasema,
akikaza kamba kwa goti.

Bath, Jamaika, nyumba ya mabati mlimani.
Jumamosi walipanda: Ras Lebert
na besi lisilopita mlangoni mpaka liinamishwe,
Bongo Vinton na repita, vidole vyepesi, mdomo mzito.
Mfalme alitutazama kutoka ukutani,
karatasi yake imejikunja kwa unyevu.
Chungu cha mchicha na shelisheli, chumvi hata chembe.
Moshi chini ya paa, Zaburi juu ya moshi.
Walisema mimi na mimi
pale watu wengine wanaposema sisi,
nami, miaka saba, nikihesabu vichwa gizani,
nilishangaa: hesabu haiongezeki.

Funde ya baba ilisema du-du,
kisha kimya.
Du-du. Kimya.
— Baba, mbona inanyamaza?
— Hainyamazi, Delrose. Inasikiliza.

Mama alikuwa mtu wa ubatizo, wa kofia nyeupe.
Nywele zile aliziita kichaka,
aliziombea zianguke.
Zikaanguka.
Alfajiri ya Jumatano Babiloni ilikuja na gari na mkasi,
wanaume watano kwa mmoja aliyekuwa akipalilia tangawizi.
Aliinua mkono kukinga kichwa,
mkasi ukapita kwenye kidole cha shahada.
Sikumsikia akilia. Niliusikia mkasi,
chuma kikitafuna miaka kumi na minne.
Walipoondoka mama alipiga magoti topeni,
akaziokota moja moja,
akaziosha kwa sabuni yake ya Jumapili,
akazilaza katika mkebe wa biskuti.
Neno kichaka halikutoka tena mdomoni mwake.

Wiki ile ile, kwa kuwa alikwisha kuahidi,
baba alishuka Kingston, kilemba kichwani,
kwenye chumba kilichogongomewa trei za mayai ukutani.
Vijana walikuwa na gitaa linalokata kama panga la miwa
na mpiga ngoma aliyeliacha pigo la kwanza tupu,
kila mara tupu,
kama kiti cha mtu anayesubiriwa.
Alirudi na dola kumi na mbili, mkate wa zabibu,
na kicheko ambacho sikukitarajia:
"Wamekipitisha kimya chetu dirishani!"
Kwenye santuri jina lake halikuandikwa.
Na wenzao: ndivyo alivyoitwa.

Leo nasokota rasta za watu, Birmingham.
Kitini yupo mwanafunzi, anataka zikae vizuri
kabla ya harusi ya dada yake.
Kwake rege ni jua, likizo, bia baridi.
Simlaumu; hata mimi
nauza mafuta ya nazi kwa bei ya manukato.
Redio ikafungua wimbo, nikaendelea na kazi
mpaka ubeti wa pili:
du, du.
La pili likachelewa. Kwa upana wa unywele.
Kidole kile.
Kitambaa bado kimefungwa, damu bado mbichi,
kimetoa ushahidi wake,
kisha kimya.

— Mbona umesimama, mama? Umemaliza?
Mkebe uko juu ya rafu, nyuma ya chupa za mafuta.
Sijaufungua tangu tuvuke bahari.
— Bado, nikamwambia. Inamisha kichwa.
Na vidole vyangu vikarudi kazini,
cha kwanza, cha pili,
vikichechemea pamoja naye.